Mpira Uendelee

Chang'ombe, Dodoma
15 Machi 1998

Hapana, Shangazi Raheli, sijakonda, na huyo aliyekuletea habari hizo atakuwa aliniona kwa nyuma tu, nami kwa nyuma niko hivi tangu nikiwa shule. Lakini tazama, nimeanza kukubishia kabla hata ya kukuamkia! Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama mdogo Anjelina na watoto, na kwamba mafuriko yamewaachia walau kuta za kuegemea.

Sisi hatujambo. Ninapoandika "sisi" moyo unaruka, bado sijalizoea neno hili. Tumeoana tangu Oktoba, lakini nikisikia hatua za Optatus mlangoni nakimbilia kioo kwanza. Jana alirudi kutoka ofisini na zabibu amezifunga kwenye gazeti, akakaa kwenye mkeka akanilisha moja moja. (Usimsomee mtu mstari huo.) Kimo chetu ni kimoja, Shangazi. Tukisimama, macho yake yanakutana na macho yangu, hakuna anayeinama wala anayechuchumia. Naamini Mungu alitupima kwa kamba moja.

Kanda ya video ya harusi imeshakuja. Jirani yetu ana deki, basi kila Jumapili wageni wakifika Optatus anaibeba kanda kama mtoto mchanga na wote tunakwenda kuitazama. Kanisa linapendeza, baba mkubwa Stanley ananishika mkono vizuri, meza kuu inang'aa. Kuna kipande cha katikati ambacho mimi huwa nimekwenda jikoni kwa jirani kuangalia chai. Chai ya mjini inahitaji kuangaliwa sana.

Sasa niseme la Baba mdogo. Umeniandikia kwamba kijiji kimeamua kumchezea mechi ya kumkumbuka, Jumamosi ya tarehe 27 Juni, watu wakishavuna, na kwamba katika watoto aliowalea mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne, kwa hiyo niandike historia yake isomwe kabla ya mpira kuanza. Nimelia, Shangazi. Yeye ndiye aliyenichukua baba alipofariki, kabla sijajua hata kufunga vifungo vya gauni, na alipofariki mwenyewe Januari reli ilikuwa imekatika na sikuweza kuja kumzika. Basi hii ndiyo njia yangu ya kumtupia udongo. Nimeanza hivi:

"Yoramu Chilongani alikuwa nyota iliyong'aa juu ya uwanda wetu. Alikuwa taa isiyozimika na ua lisilonyauka. Alipenda michezo kwa penzi lisilo na kifani, na jamii yake ilimpenda kama jangwa lipendavyo mvua..."

Optatus anasema inasisimua. Nikiimaliza nitaituma kwa posta mapema. Yule nahodha wa timu, Sila, ana sauti nzuri, ataisoma yeye.

Wako akupendaye,
Debora


Gulwe
2 Aprili 1998

Mbukwa, mwanangu Debora, salamu ya nyumbani hiyo.

Marahaba. Sisi wazima. Anjelina anakohoa kidogo lakini analima. Uwele umesimama vizuri, mahindi yamelala na maji. Mbuzi wangu yule mwenye pembe moja alichukuliwa na mto, nimekwisha kumlilia. Treni zinapita sasa, polepole, kama mtu anayepita karibu na mbwa.

Huyo mumeo anakulisha zabibu mwenyewe? Mwulize kama ana baba ambaye ni mjane.

Nimesoma ulichoandika juu ya Yoramu. Nyota, taa, ua. Nilimsomea mkewe Anjelina akaniuliza, "Huyo ni nani?" Yoramu alikuwa na matege. Mpira ukipita katikati ya miguu yake vijana walikuwa wanasema treni imepita darajani, na yeye ndiye aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Andika hayo. Andika kwamba mistari ya uwanja aliichora kwa majivu, na kila Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba na ndoo, na wanawake tulikuwa tunamwekea majivu ya wiki nzima. Sasa majivu yananijaa jikoni, nasahau kwamba haji.

Andika kwamba alipopunguzwa kazi ya reli, wenzake walijifungia ndani kwa aibu. Yeye aliamka saa ile ile ya kazi akaenda kuchimba mashimo ya nguzo za goli. Andika kwamba alitoa penalti dhidi ya timu yake mwenyewe kwenye mechi ya Kibaigwa, akarudi kwenye lori hakuna aliyemsemesha, naye akapiga mluzi njia nzima. Andika kwamba Anjelina alipojifungua alipika uji mwenyewe, majirani wakamcheka, akawaambia na mimi ni mchezaji wa akiba. Na darasa letu la watu wazima, kwenye banda la stesheni, bila malipo, akitupigia firimbi tukichelewa. Mwandiko huu unaousoma ni mkono wake.

Kifo chake andika kwa ufupi. Aliingia majini kuvusha watu, akatoka na kichomi. Yatosha.

Ila umesahau harusi! Hiyo ndiyo watu wanayoingojea. Aliporudi kutoka Dodoma alikaa hapa uani akatusimulia mpaka tukaona taa za ukumbi. Jinsi alivyokaribishwa meza kuu. Jinsi ulivyocheza naye, ukavua viatu vyako virefu ili usimkanyage. Jinsi wewe na mumeo mlivyopita chini ya fimbo za vijana wa timu, zilizokutanishwa juu, na mumeo akainama sana kwa sababu ya urefu wake. Akatoa keki uliyompa kwenye karatasi, akaikata kwa wembe, vipande kama kucha, kila mzee akapata. Wazee bado wanaitaja keki ile. Vijana wa timu walikaa kimya muda wote, nikadhani wamechoka na safari.

Liandike hilo vizuri, kwa maneno yako yale ya maua. Hapo yanafaa.

Na si Sila atakayesoma. Utasoma wewe.

Shangazi yako,
Raheli


Chang'ombe, Dodoma
26 Aprili 1998

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na pole ya mbuzi. Nimesikitika kweli, yule alikuwa ananifuata mpaka shuleni. Sisi ni wazima. Tumenunua pazia jipya la rangi ya bahari, au la rangi ninayodhani bahari inayo, na Optatus amelipigilia mwenyewe, amejigonga kidole, nikakipuliza. Naambatanisha picha yetu tuliyopiga studio siku ya Pasaka. Tazama tulivyosimama! Uibandike pale juu ya mtungi ili unione ukinywa maji.

Umenikosoa na umefanya vizuri. Nimeanza upya. Nimeandika majivu, nimeandika penalti, nimeandika uji. Na nilipoanza kuandika yale yako, yangu nayo yakaja yenyewe, Shangazi, yakaja kama kuku waliosikia mtama. Mpira wa kijiji ulikuwa unalala chini ya kitanda changu, unakumbuka? Aliniambia, "Debo, wewe ni mtunza mpira. Ukipotea mpira, kijiji kizima kinakaa bure." Nilikuwa mdogo nikaamini kwamba pasipo mimi jua la Jumamosi halitoki. Nilifua jezi na mama mdogo. Nilimsubiri darajani aliporudi na kiberenge cha reli, ananipandisha na kunivika kofia yake. Na alinifundisha ishara zote za refa, kwa maharage na vijiti, kwenye meza ya chakula. Mkono mmoja juu, faulo isiyo ya moja kwa moja. Mikono yote miwili mbele, kama mtu anayesukuma upepo: maana yake nimeliona kosa, lakini sipulizi, mpira uendelee. Nilimwuliza, "Kama umeliona kwa nini usipulize?" Akasema, "Kwa sababu wakati mwingine ukipuliza unamwumiza aliyetendewa, Debo. Alikuwa anakwenda kufunga."

Hayo yote nimeyaandika kwa lugha nyepesi. Optatus amesoma akaniambia, "Huyu mzee ningempenda. Mbona hukunionyesha siku ya harusi?" Nikamwambia watu walikuwa wengi.

Kuhusu kipande cha harusi, naona kitafanya historia iwe ndefu, na watu watakuwa juani. Ilikuwa siku nzuri sana, wote tunajua, kwa nini kuirudia? Tukiache. Ila nilitaka kukuuliza jambo dogo: mechi ya siku ile iliishaje? Nakumbuka walifika na bukta na soksi na vumbi, moja kwa moja kutoka uwanjani, hawakupata hata muda wa kubadili nguo. Nimekuwa nikijiuliza walishinda au walishindwa.

Kuja kwangu kutakuwa kugumu. Likizo ya Optatus imesogezwa, tena nyumba haiwezi kuachwa na pazia jipya. Sila asome. Tafadhali, Shangazi.

Karanga mlizotuletea kwa treni Novemba zimekwisha juzi. Optatus alizipenda mno. Hazikuwa na barua ndani, lakini nilijua Baba mdogo ndiye aliyezifunga, kwa jinsi fundo lilivyokuwa.

Debora


Gulwe
17 Mei 1998

Debora mwanangu,

Marahaba. Tumevuna uwele. Anjelina amepona. Barua yako ilikaa stesheni wiki nzima kwa sababu mtu wa stesheni alikuwa na msiba, kisha nami nikakaa nayo. Nilikuwa naifungua naifunga.

Mechi gani?

Siku ile hapakuwa na mechi. Mechi yoyote ya Jumamosi ile Yoramu alikuwa ameiahirisha mwezi mzima nyuma, akisema mtunza mpira wetu anaolewa. Zile jezi Anjelina alizifua kwa sabuni ya kipande na kuzianika kwenye uzio wa stesheni, watu wa treni wakadhani ni sikukuu. Nilizipiga pasi ya mkaa mimi, moja moja, na bukta yake nikaitia mkunjo. Fimbo walizimenya wenyewe zikawa nyeupe. Jioni walikuwa wanafanya mazoezi pale uwanjani, mistari miwili, fimbo juu, na Yoramu anapita katikati akijifanya bibi harusi, na kanga yangu kichwani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Treni ilichelewa, kanisa likawapita. Kutoka stesheni ya Dodoma mpaka ukumbini walikimbia ili wasikose na sherehe. Hilo ndilo vumbi uliloliona.

Na jambo moja sijawahi kulisema kwa mtu. Alikuwa ameazima suti ya katekista. Aliivaa akaja kunionyesha, mikono imemzidi. Mimi nikamwambia, "Suti ya kuazima itakucheka, Yoramu. Vaa kilicho chako. Mtoto amekujua na firimbi shingoni, akikuona na tai atadhani umekufa." Akaivua. Mimi ndiye niliyemvika bukta, Debora. Kwa hiyo popote unapokwenda na mawazo yako, ujue njiani utanikuta nimekaa.

Picha nimeipata. Nimeibandika juu ya mtungi. Mumeo ana uso mwema na masikio ya mtu msikivu. Lakini ni mfupi, mwanangu. Hata ungemsimamisha juu ya debe, hakuna fimbo ambayo angeinama kuipita.

Na keki ile ilikuwa skonzi. Nimekula keki ya harusi ya kaka Stanley, najua keki. Skonzi ya stendi, imepakwa sukari juu. Nilipewa kipande changu nikakitafuna mbele ya watu wote nikasema, tamu kweli keki ya Debora. Naye akaniangalia, nami nikaangalia pembeni. Hatukuzungumza tena juu yake mpaka alipokufa. Nilikuwa na miezi mitatu ya kumwuliza ndugu yangu, "Yoramu, ilikuwaje?" Sikuuliza. Niliogopa angenijibu.

Wewe pia sikuulizi.

Tarehe ni ile ile. Betri za redio alizonunua Yoramu kwa ajili ya kusikiliza Kombe la Dunia bado zimo kwenye karatasi yake, Anjelina anasema zitasikilizwa tu.

Raheli


Chang'ombe, Dodoma
7 Juni 1998

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima, Optatus amekusalimu, pazia limepauka upande wa dirisha. Hizo ndizo habari zetu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umesema huniulizi. Ahsante. Nakuambia hata hivyo, kwa sababu nimechoka kwenda kuangalia chai.

Nilikuwa meza kuu. Baba mkubwa Stanley alikuwa kwenye kiti cha baba wa bibi harusi, na pembeni yake mabwana wa ofisini kwake na wake zao, wote wamevaa wakavalika. Nilikuwa na furaha, Shangazi, furaha ile ya kijinga inayotaka isiguswe na kitu. Mshereheshaji akaja akaniinamia sikioni. Akasema, "Bibi harusi, kuna mzee mlangoni, amevaa bukta na firimbi, ana kundi la vijana wenye fimbo. Anasema yeye ni baba yako. Tumruhusu?" Nikatazama. Nilimwona vizuri kabisa. Soksi zimevutwa mpaka magotini. Mwanamke mmoja wa meza ya mbele akasema, si kwa siri, "Jamani, wachunga ng'ombe wamefuata harufu ya pilau," na meza yake ikacheka. Nikaona watanijua nimetoka wapi. Nikamwambia mshereheshaji, "Baba yangu ameshaketi."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema asubiri, sikusema apewe kiti nyuma. Nilisema baba yangu ameshaketi, na yule kijana akaenda kumfikishia kama alivyoambiwa, nikaona mdomo wake ukisema.

Baba mdogo aliniangalia kupitia ukumbi mzima. Halafu akanyoosha mikono yote miwili mbele, vile, kama anayesukuma upepo. Nikajua anachosema. Katika ukumbi ule ni mimi peke yangu niliyejua. Nilikuwa nimefundishwa kwa maharage na vijiti.

Akatoka. Nikacheza muziki. Nilivua kweli viatu virefu, lakini nilicheza na baba mkubwa.

Nilijiambia amekuja na uchafu wa mechi kwa kutojali, kwamba mpira kwake ulikuwa mbele kuliko mimi. Ndiyo maana nilikuuliza kuhusu mechi. Nilitaka uniambie walishinda, ili nimkasirikie kidogo, nipumzike. Sasa umeniambia pasi ya mkaa.

Na kuna lingine baya zaidi. Kila mtu ananipa pole kwamba reli ilikatika. Baba mkubwa, majirani, mpaka mchungaji. Ni kweli ilikatika. Lakini niliposikia kwamba hakuna treni, nilishusha pumzi. Nilifurahi, Shangazi, kabla hata machozi hayajatoka. Moyo uliniambia hutasimama kaburini na vijana wale. Sila nilikutana naye hapa sokoni Februari, akanisalimia kwa heshima kubwa, akasema, "Mzee alikuwa anakusifu sana." Basi. Hakuna tusi ambalo lingeniingia kama heshima ile.

Jumapili iliyopita nilimwambia Optatus. Niliomba tuazime deki tukiwa wawili tu, na safari hii sikutoka. Kipande chenyewe ni kifupi. Kamera inageuka mlangoni, unaona mwanga wa nje, na ndani ya mwanga vijana wamesimama mistari miwili, fimbo zimekutana juu, zimetulia, na yeye mbele yao kifua nje. Walikuwa wamejipanga tayari, Shangazi. Walikuwa wanasubiri tu niinuke.

Optatus akarudisha kanda nyuma akatazama tena. Akasema, "Yule ndiye?" Nikasema ndiye. Akasema, "Nilimwona siku ile. Nilidhani ni watu wa michezo wamekuja kutupongeza. Nilimpungia mkono, naye akanipungia." Halafu akaniuliza, polepole, "Debora, angekuwa ni mama yangu mlangoni, amevaa kanga zake za shamba, ungesemaje?" Hakunigombeza. Alikwenda nje akafagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Siku mbili hakuniletea zabibu, na sikuzitaka. Ningependa kukuandikia kwamba amenikumbatia na yamekwisha, lakini hapana, ndoa yangu imekuwa na kona ambayo awali haikuwapo, na nadhani ndivyo nyumba za kweli zilivyo.

Nilipomsomea ile ya kuinama kwa sababu ya urefu, alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Kwa baba mkwe mimi ni mrefu." Kisha akasema, "Tunakwenda. Pazia litajilinda."

Kwa hiyo naja, na nitasoma mwenyewe. Nimefikiri sana nitasema nini hapo kwenye harusi. Nikisoma kama alivyosimulia yeye, vijana kumi na mmoja watasimama uwanjani wakijua nadanganya juu ya kaburi lake. Nikisema yote, nitamfanya mwongo mbele ya wazee waliokula skonzi yake kwa heshima. Na wewe ulikula ukijua, Shangazi. Usijiadhibu kwa ajili ya bukta. Ulimwambia avae kilicho chake, na kilicho chake kilikuwa kizuri. Aliyekuwa amevaa vya kuazima siku ile ni mimi. Hata kiti cha baba nilikiazima.

Nimeamua hivi, uniambie kama ni vibaya. Vijana nitawaona kwanza, nyuma ya goli, kabla ya watu kukaa. Nitapiga magoti, na wakisema lolote nitalipokea. Halafu nitasoma majivu, na penalti, na uji, na treni kupita darajani ili watu wacheke. Mwisho nitawaambia wazee kwamba Baba mdogo alikuja Dodoma na vijana wake kunipitisha chini ya fimbo, na mimi sikupita, na kosa lilikuwa langu, na naomba kupita leo. Kama mzee mmoja atauliza, mbona Yoramu alituambia ulipita, nitanyoosha mikono yote miwili mbele. Hapo kijiji kizima kinajua mpira. Wataelewa kwamba aliliona.

Najua kupita kwangu hakutamrudisha mlangoni. Sitajidanganya hivyo. Atakuwa hayupo, na firimbi itapulizwa na mtu mwingine, pengine vibaya. Lakini sitaki jezi zile ziwe zilipigwa pasi bure.

Naomba mambo matatu. Mwambie mama mdogo Anjelina asifue jezi, nitazifua mimi nikifika, na iwe kazi yangu kama zamani. Majivu uliyonayo jikoni usiyamwage. Na mwambie Sila wamenye fimbo upya, ila wakijipanga wazishike chini kidogo, chini kuliko walivyofanya mazoezi, ili Optatus alazimike kuinama.

Keki nitakuja nayo ya kweli. Tutapanda treni ya Alhamisi ya tarehe 25, na ikikatika reli tutakuja kwa malori ya Kibaigwa, na malori yakigoma tutatembea. Kabla mwezi huu haujaisha, Shangazi, utaniona mlangoni kwako.

Mtunza mpira,
Debora